Kuinasa Phytophthora kwenye udongo wa avokado: ninavyotumia chambo

Mti wa avokado uliooza mizizi huonekana kama una kiu, ilhali udongo chini yake umelowa. Majani hupauka, huwa madogo, kisha hupukutika. Matawi ya juu hukauka kuanzia nchani. Wakulima wengi hapa Uganda huuongezea maji, na hapo huharibu zaidi, kwa sababu ugonjwa huu husafiri majini. Kimelea kinachouleta, Phytophthora cinnamomi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutoka miti ya mdalasini kisiwani Sumatra, si fangasi halisi, ijapokuwa hufanana nayo. Iko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Hutoa spora, yaani chembe ndogo za uzazi, zenye mikia zinazoogelea kwenye maji ya udongo zikitafuta mizizi, na tabia hiyo ndiyo inayoniwezesha kuitega kwa chambo, yaani tunda bichi la avokado lililowekwa kwenye maji yaliyo juu ya udongo.

Kabla ya chambo, nafukua. Mizizi ya kutazama ni ile myembamba ya kunyonya, milimita 1 hadi 3, iliyo karibu na uso wa udongo. Yenye afya ni ya rangi ya krimu na hupinda bila kukatika; iliyoshambuliwa ni myeusi na hukatika kwa urahisi, au haipo kabisa. Mizizi minene kwa kawaida hubaki mizima. Nikikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga chini ya gome la shina, huo ni Armilaria, fangasi nyingine inayoozesha mizizi, na kipimo hiki hakiufai.

Sampuli ndiyo inayoamua jibu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nachukua wakati wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, udongo ukiwa na unyevu. Nachagua mti ulioanza kudhoofika, si uliokufa. Kwenye mti mkavu mizizi myembamba imeshaoza na vimelea vingine vimetawala. Naondoa majani makavu juu, kisha kwa koleo dogo nachota sehemu nne kuzunguka mti, ndani ya kivuli cha matawi, kina cha sentimita 5 hadi 20, pamoja na mizizi myembamba. Jumla ya nusu kilo inatosha. Mfuko nauweka kivulini. Ukiachwa kwenye gari juani saa mbili tatu, vimelea hufa na kipimo hutoa jibu la uongo. Friji nayo siitaki, kwani spishi hii haipendi baridi. Kati ya mti na mti nasugua tope lote kwenye koleo, kisha napulizia spiriti ya asilimia 70. Spiriti juu ya tope haifanyi kazi.

Udongo ukiwa mkavu, naurowesha kidogo, uwe kama kitambaa kilichokamuliwa, na kuuacha siku mbili au tatu ili vimelea viamke. Halafu naweka takriban gramu 200 kwenye kopo safi la plastiki na kumimina maji yapite juu ya udongo kwa sentimita 2 hadi 3. Natumia maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba yana klorini inayoua spora. Maji ya mto yanaweza kuja na Phytophthora yake. Chambo ni avokado bichi, gumu, lisilo na mchubuko, lililooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Nalisimamisha nusu majini, nusu nje. Kopo moja la kulinganishia huwa na maji na tunda tu, bila udongo. Tunda hilo likipata madoa, nayatupa majibu yote na kuanza upya.

Joto linalofaa ni nyuzi 20 hadi 25. Kampala hakuna shida, lakini Kabale usiku hupoa sana, hivyo makopo hukaa ndani ya nyumba, mbali na jua. Kuanzia siku ya pili natazama kila asubuhi. Doa la Phytophthora ni la kahawia, gumu, lenye ukingo unaoonekana, na hutokea kwenye mstari wa maji au juu yake kidogo, kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 5. Tunda lililolainika chini ya maji na kunuka ni kazi ya bakteria au Pithiamu, kimelea kingine cha majini kinachofanana na Phytophthora.

Doa peke yake halitaji spishi. Nakata vipande vya milimita 5 pale kahawia inapokutana na kijani, navikausha kwa karatasi safi, na kuvipeleka maabara siku hiyohiyo. Maabara za utafiti wa kilimo Kawanda ni mahali pa kuulizia. Vijiti vya kupima haraka husaidia vikitumika kwenye doa, lakini hutambua jenasi tu, yaani Phytophthora kwa jumla bila kutaja spishi, na baadhi ya Pithiamu huvidanganya. Kipimo cha DNA ni kikali zaidi, ila huona hata vimelea vilivyokufa.

Jambo ninalowasisitizia wenye vitalu: chambo kisipopata doa, hiyo si hati ya usafi. Vimelea hukaa kwa mafungu, na shamba lililopigwa dawa za fosfoneti au metalaksili huficha ugonjwa bila kuuondoa. Narudia kipimo wiki kadhaa baadaye, kwa sampuli mpya. Kwa miche iliyobebeshwa napima udongo wa viriba kadhaa kutoka kila kundi, hasa vilivyowekwa moja kwa moja juu ya ardhi, kwani maji yanayotuama hubeba spora kutoka kiriba hadi kiriba.

Nikimaliza, matunda, udongo na maji yake huchemshwa pamoja kabla ya kumwagwa, na makopo huloweshwa kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji.