Kuhamisha mkono wa fidla kutoka nota hadi taarab

Nafundisha fidla Dar es Salaam na napiga kwenye matamasha ya muziki wa Kizungu. Kwa muda mrefu nilihangaika na jambo moja: kumwingiza kwenye taarab mwanafunzi aliyelelewa na nota, bila kumharibia mkono. Nilidhani kazi iko kwenye nyuzi. Kumbe iko kwenye sikio na kidole cha kwanza.

Nyuzi hazina maneno mengi. Nyuzi nne za fidla ya tamasha hutyuniwa sauti za G, D, A, E, kuanzia uzi mnene. Wapigaji wengi wa mtindo wa Kiarabu huweka G, D, G, D. Yaani A inashuka sauti nzima moja, na E vilevile. Ukishalegeza hizo mbili, rudia zote nne, kwa kuwa mvuto ukipungua upande mmoja, nyuzi zilizobaki hupanda kidogo. Usivue nyuzi zote kwa mpigo. Kile kijiti kilichosimama ndani, chini ya daraja upande wa uzi mwembamba, hakina gundi. Kinashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Kikianguka, mpelekee fundi.

Sasa kidole. Chukua Bayati inayoanzia D, moja ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kwenye fidla ya saizi kamili, ambayo uzi wake una kama milimita 328 kutoka kizingiti cha juu, kule kwenye vigingi, hadi daraja, E ya kawaida kwenye uzi wa D iko karibu milimita 36 kutoka kizingitini, na E flati karibu 18. E ya Bayati inakaa katikati, kwenye 27 hivi. Mkono uliozoea nota utakimbilia 36 au 18, maana ndiko ulikofundishwa kwamba kuna sauti. Na ukiishaipata hiyo 27, hamia Rast, maqam nyingine, inayoanzia C: E ileile inataka kupanda kidogo tena. Kipimo cha rula kinakufikisha mtaani tu. Nyumba utaitafuta kwa sikio.

Kwa hiyo nabandua zile tepu za kuonyesha vidole, kisha naweka D ndefu isiyokatika, kutoka kwenye simu au kwa mwenzake anayevuta uzi mtupu. Mwanafunzi anaimba D, E, F, anashuka, anarudia, fidla ikiwa bado mezani. Akiweza kuimba ndipo anashika upinde. Waliopita madrasa hushika upesi, kwa sababu Bayati wameisikia kwenye usomaji wa Kurani tangu wadogo. Waliotoka kwaya huniambia, "Mwalimu, mbona kama imechepuka?" Nawajibu waiache ichepuke hapohapo, wasiisogeze.

Mtetemo wa kidole upunguzwe. Ule unaopendeza kwenye muziki wa Kizungu huifuta robo sauti, yaani ile E ya katikati. Badala yake, teleza kuifikia sauti kutoka chini, kwa upinde mfupi wa katikati. Na mwimbaji anapoimba, usimfunike: ngoja amalize mstari, kisha mjibu.

Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa 1905, na Dar ilikuwa na klabu zake, Egyptian na Al-Watan, zilizopiga kwa fidla. Taarab ya kinanda ilipotawala kumbi, fidla nyingi ziliwekwa kando. Inaniuma, kwa sababu kinanda cha kawaida kina funguo ya 36 na ya 18, lakini hakina ya 27.

Hali ya hewa yetu nayo ina kazi yake. Masika, Machi hadi Mei, vigingi vya kukazia nyuzi huvimba na kukwama: paka sabuni kavu kidogo. Ukiingia ukumbi wenye kiyoyozi husinyaa na kuteleza: paka chaki. Nywele za upinde hurefuka kwa unyevu, basi kaza mpaka penseli ipite kati ya nywele na mti, na ulegeze ukimaliza. Vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, tia viwili kwenye kasha. Ndani ya gari juani, usiiache hata dakika kumi. Gundi ya fidla hulainika kwa joto, na mbavu huachia.

Kama kesho yake una tamasha la G, D, A, E, pandisha A na E jioni iliyotangulia, polepole, huku ukitazama daraja. Uzi ukivutwa huliinamisha kuelekea vidoleni. Lirudishe lisimame wima kwa vidole viwili. Asubuhi tyuni tena, kwa kuwa usiku nyuzi zitakuwa zimeshuka. Mimi siku hizi nina fidla mbili, moja kwa kila mtyuno, na nyuzi hazikatiki ovyo.