Nilipoitwa Newala kwa Ajili ya Fomu ya Mpwa Wangu

Kwetu Umakondeni mjomba ana sauti katika mambo ya watoto wa dada zake, kwa hiyo sikushangaa nilipoitwa kutoka Mtwara mjini kwenda Newala kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu, ambaye watafiti walikuwa wameomba ashiriki katika majaribio ya dawa ya kuvuta. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, wakati ambao kifua humbana zaidi, na dada yangu alikuwa amechoka kwa kukesha.

Daktari wa utafiti alitupokea kwa heshima, lakini alinieleza mapema kwamba saini inayotakiwa kwenye fomu ya ridhaa ni ya mzazi au mlezi halali. Mimi ningekaa, nisikilize na kuuliza. Naamini hadi leo kwamba utaratibu huo ni wa haki, kwa kuwa anayeamka usiku kumpa mtoto dawa ndiye anayejua uzito wa anachokiridhia.

Alituonyesha kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kile cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kisha akaeleza kwamba watoto wangegawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe dawa inayochunguzwa, wengine dawa bandia, yaani inayofanana nayo lakini isiyo na tiba ndani yake, na wala yeye wala sisi tusingejua nani yuko kundi gani. Hapo dada yangu akamkatiza.

"Daktari, ina maana mwanangu anaweza kuachwa bila dawa?"

Swali hilo ndilo ambalo ningependa kila mzazi aliulize kabla ya jingine lolote. Alijibiwa kwamba tiba ya kila siku ya mtoto ingeendelea katika makundi yote mawili, kwamba inhela ya salbutamol, ile ya kufungua kifua haraka, ingebaki karibu naye muda wote, na kwamba akizidiwa angetibiwa kwanza, na ikibidi siri ya kundi lake ingefunuliwa.

Dada alihofu pia kwamba dawa ingemdumaza mtoto. Daktari hakuipuuza hofu hiyo. Alisema watoto 1,041 wa Marekani na Kanada, wenye umri wa miaka 5 hadi 12, walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliotumia budesonide, dawa ya pumu ya kuvuta, walipokuwa watu wazima walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko waliopewa dawa bandia. Jambo hilo lisingejulikana kama familia zile zingekataa, na nilipenda kwamba alilitaja bila kulipamba.

Mama yetu, aliyekuwa kimya, akauliza: "Utafiti ukiisha, baba, hiyo dawa tutaipata wapi?" Jibu halikuturidhisha: dawa ingetolewa hadi mwisho wa majaribio tu, na baada ya hapo mtoto angerudi kwenye tiba ya kliniki. Tuliomba liandikwe wazi kwenye nakala yetu ya fomu, likaandikwa.

Kisha mtoto mwenyewe akaulizwa. Alisema, "Kupuliza kwenye mashine nitapuliza, ila sindano sitaki nyingi." Akaelezwa ni lini angetolewa damu, na kwamba yeye na mama yake wangeweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Alikubali.

Dada yangu aliondoka na fomu, akaisoma tena nyumbani usiku, na kesho yake akatia saini. Ila pale palipoomba ruhusa ya kuhifadhi damu ya mtoto kwa tafiti za baadaye, aliweka alama ya hapana, na daktari akaipokea hivyo hivyo.