Łódź: Kuwatafuta Waroma katika Daftari za Wayahudi

Treni ya Berlin kwenda Warszawa ilitushusha Kutno, tukapanda nyingine ya kienyeji hadi Łódź, mji wa Poland. Niliongozana na dada mmoja wa Kigali anayesomea historia. Mimi nilikuwa na swali moja tu: Waroma (jamii iitwayo pia Wajipsi, si watu wa Roma) 5,007 wa Burgenland, Austria, walioletwa mjini humu na Wanazi Novemba 1941, habari zao zilibaki mikononi mwa nani?

Wajerumani walipoikalia Poland wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliuita mji huu Litzmannstadt. Geto lake, eneo walimofungiwa Wayahudi, lilizungushwa na kufungwa mwishoni mwa Aprili 1940, watu wapatao 160,000 wakiwa ndani. Ukipita mtaa wa Bałuty leo, nyumba nyingi za enzi ile bado zimesimama na watu wanaishi humo, nguo zimeanikwa madirishani. Kwa namna fulani hilo lilinisumbua kuliko magofu.

Tulianzia kituo cha Radegast, reli ambako watu wa geto walipakiwa kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Jengo ni la mbao, mabehewa ya zamani yapo relini, na kando yake kuna njia ndefu ya zege yenye nakala za orodha za waliosafirishwa ukutani. Jina, mwaka wa kuzaliwa, anwani, safu baada ya safu. Mwenzangu alisoma polepole, akirudi nyuma kila alipoona ukoo mmoja umejaza mistari mingi. Kisha akaniuliza, “Kaka, na hao Waroma wako wameandikwa wapi?”

Hawakuandikwa. Orodha yao ya majina haikubaki, zilibaki hesabu. Wanaume 1,130, wanawake 1,188, watoto 2,689. Yaani zaidi ya nusu walikuwa watoto, na 11 katika msafara huo walifika wakiwa maiti.

Kambi yao ilikuwa pembeni mwa geto, nyumba chache zilizozungushiwa seng’enge na handaki ili wasichangamane hata na Wayahudi wenyewe. Kwenye barabara ya Wojska Polskiego, namba 84, limebaki jengo dogo lililokuwa karakana ya mhunzi. Ukiwa na haraka utalipita. Baada ya majuma machache homa ya chawa ililipuka humo, na waliotumwa kutibu walikuwa madaktari Wayahudi kutoka upande wa pili wa seng’enge; baadhi yao waliambukizwa wakafa. Maiti 613 za Waroma zilizikwa katika makaburi ya Wayahudi, mtaa wa Bracka. Tulikwenda huko pia. Sehemu waliyozikwa watu wa geto ni uwanja mpana wa nyasi, wenye makaburi kama 43,000, na mengi hayana jiwe.

Tunajuaje hayo yote? Kwa sababu ndani ya geto kulikuwa na idara ya nyaraka. Wafungwa wenyewe, tangu Januari 1941 hadi Julai 1944, waliandika kumbukumbu za kila siku: vifo, bei ya mkate, hali ya hewa, uvumi. Waliandika kwa tahadhari, maana Mjerumani angeweza kusoma. Geto lilipofutwa Agosti 1944, tarishi mmoja, Nachman Zonabend, alibakizwa katika kikosi cha kusafisha geto, akaficha sehemu kubwa ya nyaraka hizo. Leo nyingi zimo katika hifadhi ya nyaraka ya serikali mjini Łódź. Watafiti huzichambua kwa ajili ya historia ya Wayahudi, na ni haki yao, lakini Waroma nao wamo humohumo, kwenye taarifa ya daktari na hesabu ya wachimba kaburi.

Ndiyo maana sipendi vitabu vinavyowaweka Waroma katika tanbihi. Dharau hiyo ina historia: mwaka 1956 mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba Waroma waliohamishiwa Poland mwaka 1940 hawakuonewa kwa sababu ya nasaba yao, bali zilikuwa hatua za usalama. Ni mwaka 1982 tu serikali ilipokiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kesho yake tulikwenda Chełmno, palipokuwa na kambi ya mauaji ya Wajerumani, kilomita kama 70. Januari 1942 Waroma waliobaki hai walipelekwa huko, wakafungiwa ndani ya malori ambayo moshi wa injini ulielekezwa nyuma walikokaa, wakazikwa katika msitu wa Rzuchów. Hakuna aliyepona. Tunajua waliuawa siku zipi kwa sababu Szlama Ber Winer, Myahudi aliyelazimishwa kuzika, alitoroka mwezi uleule, akafika Warszawa, akalisimulia kundi la siri la mwanahistoria Emanuel Ringelblum, lililokusanya kumbukumbu za geto la Warszawa, kwamba malori yalileta Waroma kutoka Łódź. Miezi michache baadaye Winer naye aliuawa Bełżec, kambi nyingine ya mauaji.

Msituni kuna mnara mkubwa wenye neno “Pamiętamy”, tunakumbuka. Mwenzangu aliuzunguka, kisha akasema hoja yangu ina tundu: daftari za Łódź zinaeleza walivyokufa tu; walikuwa nani, jibu liko huko walikotoka. Ni kweli. Huko Austria watafiti wamekuwa wakiyakusanya upya majina ya Waroma waliouawa, mmoja mmoja. Msafara mmojawapo wa 1941 uliondokea Oberwart, mji wa Burgenland. Jioni ile hotelini nilitafuta nauli ya kwenda huko kupitia Wien (Vienna).