Nilivyoacha kusoma Kijapani chote nikaanza na karatasi ya mnada

Kama umewahi kuendesha gari iliyotoka Japani basi unaijua sauti ya yule dada, ukiwasha tu anasema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen". Mimi niliisikia kila asubuhi kwa miaka minne kwenye IST ya ofisini bila kujua anasema nini, na kazi yangu ni kuagiza magari Japani kwa ajili ya wateja hapa Dar, yaani nakula kwa Kijapani alafu Kijapani chenyewe sikijui. Siku nilipoamua kujifunza nikajiwekea lengo la kufika N2, ngazi ya pili kutoka juu kwenye JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani, ndani ya mwaka mmoja. Kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136, nikapiga hesabu, kumi kwa siku, miezi saba na siku kadhaa nimemaliza.

Nilienda mpaka kama 180 hivi nikagundua zile za wiki ya kwanza zimeshanitoka. Nilikuwa natumia Anki, ile programu ya kadi inayokurudishia neno kabla hujalisahau, ni nzuri sana lakini nilikuwa naongeza kadi mpya 20 kila siku na kila kadi mpya ni deni la kesho na keshokutwa, Jumatatu moja nikaifungua nikakuta kadi 340 zinanisubiri. Nikaifunga. Nikakaa miezi miwili sijagusa Kijapani, na roho iliniuma kweli maana nilikuwa nakipenda.

Kilichonirudisha ni kosa la kazini. Nilimuagizia mzee mmoja mstaafu Raum, pesa yake ya kiinua mgongo hiyo, aliyetuuzia akatuhakikishia gari ni safi na mimi nikapitisha. Ilipofika mzee akaipeleka kwa fundi wake, fundi akafungua boneti akaonyesha nati za fenda zimeshafunguliwa na pale mbele kulia kuna alama za kuchomelea. Mzee akaja ofisini na karatasi ya mnada mkononi, ile ya ukaguzi inayokuja na gari iliyonunuliwa mnadani. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka mezani. "Mwanangu, hii karatasi ulikuwa nayo kabla ya kununua?" Nikamwambia nilikuwa nayo mzee wangu ila sikuweza kuisoma. Hakugomba. Nilimrudishia kamisheni yangu yote, na usiku ule nikakaa na ile karatasi nikitafuta alama moja moja mpaka nikafika pale palipochapwa 修復歴, shuufukureki, maana yake historia ya kufanyiwa matengenezo makubwa, pembeni kuna 有 na 無, ipo na haipo, na duara la kalamu limezungushwa kwenye 有. Herufi moja tu.

Basi nikafuta N2 ukutani nikaandika: ndani ya miezi mitatu niweze kusoma karatasi ya mnada peke yangu. Tofauti niliiona kesho yake asubuhi, maana lengo la N2 lilikuwa haliniambii leo nisome nini, hili jipya lilikuwa linanichagulia mpaka herufi za kuanza nazo. Wengi huanza na hiragana, herufi za silabi za maneno ya Kijapani chenyewe. Mimi nikaanza na katakana, herufi za silabi ambazo kawaida ni za maneno ya kigeni, kwa sababu wakaguzi wa minada huandika kwa haraka na hata maneno ya Kijapani asilia wanayaandika kwa katakana, キズ kizu ni mkwaruzo, ヘコミ hekomi ni palipobonyea, サビ sabi ni kutu, ワレ ware ni ufa, コゲ koge ni kiti kilichounguzwa, mara nyingi kwa sigara. Zile za msingi ni 46 na nilizimaliza kwa wiki mbili kwa kuandika kwa mkono, na hapa nasisitiza kalamu, maana シ na ツ ukiziangalia kwa macho tu zitakuchanganya mwaka mzima lakini mkono unajua, shi mstari mrefu unautoa chini kwenda juu, tsu unaushusha kutoka juu.

Alafu nikatoa kwenye mafaili ya ofisi karatasi 30 za zamani. Hicho ndicho kilikuwa kitabu changu. Kila neno nililokutana nalo naliandika kwenye daftari la kaunta na naweka kijiti kila linapojirudia, na nilipofika karatasi ya thelathini nikakuta maneno kama 60 hivi ndiyo yanazunguka humo humo. Sitini! Na mimi nilikuwa nakimbizana na 2,136. Alama za kwenye mchoro wa gari ni herufi za Kizungu, A mkwaruzo, U pamebonyea, XX kipande kimebadilishwa, na namba ya pembeni ni ukubwa wake. Miaka pia wanaandika kwa enzi za wafalme wao, H22 ni mwaka wa 22 wa Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2010, na R ni Reiwa iliyoanza 2019. Anki nikairudia lakini kwa maneno ya kwenye daftari langu tu, kadi saba mpya kwa siku, na nikikuta zimerundikana siongezi mpya mpaka nimalize.

Lengo la pili lilikuwa kuongea na wauzaji kwa simu, na hapo njia ikabidi ibadilike kabisa, karatasi haikufundishi kusikia. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani yanayofundishwa kwa Kiswahili, bure, na sauti zake unapakua, mimi nilikuwa nayasikiliza kwenye foleni ya asubuhi madirisha nimefunga, narudia kwa sauti nikimfuata msemaji. Matamshi kwetu ni mteremko maana irabu ni a i u e o zile zile, ila tuna ugonjwa wetu mmoja, Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na tukikaza tunairefusha, sasa kwa Mjapani urefu ni neno lingine, shako ni gereji ya kulazia gari na shakou ni kimo cha gari. Dawa niliyoipata ni kupiga makofi, sha-ko makofi mawili, sha-ko-u matatu, he-ko-mi matatu yenye urefu sawa.

Na ndugu zangu, acheni kujifunza Kijapani kwa kupitia Kiingereza kama mnaweza kukwepa. Otsukaresama wanahangaika kuitafsiri aya nzima wakati sisi tunasema pole na kazi, imeisha. Ojamashimasu unapoingia kwa mtu inafanya kazi ya hodi. Vitenzi ndivyo vilivyonifurahisha zaidi, taberu ni kula, tabesaseru kulisha, tabesaserareru kulishwa, viungo vinapangwa kwa utaratibu ule ule, kwanza kusababisha kisha kutendwa. Ndipo nikamwelewa yule dada wa kwenye IST, sounyuu sarete imasen, haijaingizwa, kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Hata saa, Tokyo wako mbele yetu masaa 6, kwa hiyo saa tatu yetu ya asubuhi kwao ni sanji, saa tatu ya mchana kwa hesabu yao, namba ile ile, sijawahi tena kukosea muda wa kupiga simu, najua tu nisivuke saa sita mchana maana kwao ofisi zinafungwa.

Mtihani wa JLPT sikuuacha, ila niliuweka nyuma ya kazi, kwa sababu ni wa kuchagua majibu tu, hauongei wala huandiki sentensi. N5, ngazi ya chini kabisa, unahitaji 80 kati ya 180 lakini kusikiliza peke yake lazima upate angalau 19 kati ya 60, na zile foleni ndizo zilizonibeba. Sasa naandaa N4.

Wiki iliyopita mama mmoja alileta picha ya Passo kwenye simu, bei nzuri, rangi nzuri, ameshaipenda. Nikaomba karatasi. Shuufukureki duara lipo kwenye 無, daraja la mkaguzi ni 4, nikataka kumwambia tulipie, ila chini kabisa kwenye maelezo kuna mwandiko mdogo wa haraka, 下廻りサビ大, shitamawari sabi dai, kutu kubwa chini ya gari. Ndivyo yanavyokuwa mengi ya mikoa ya theluji kama Hokkaido, wanamwaga chumvi barabarani. Nikamwambia mama hii tuiache, nikamwonyesha kwa kidole neno lenyewe, akaniuliza limeandikwaje nikamsomea, sa-bi. Akacheka akalirudia, tukafungua picha ya gari nyingine.