Kuchapa mchoro kwa skrini ubavuni mwa kabati la gemu

Makabati ya gemu ya Pac-Man yaliyotolewa na Midway nchini Marekani mwaka 1980 hayakuwa na stika ubavuni. Rangi zilipuliziwa kupitia stensili (bamba lililokatwa umbo la mchoro), juu ya mbao zilizopakwa njano. Ndiyo maana stika huonekana ngeni pale, hata mchoro ukiwa uleule. Wino wa skrini, yaani unaosukumwa kupitia matundu ya wavu uliotandwa kwenye fremu, unakaribia zaidi, kwa kuwa ni rangi juu ya rangi.

Sehemu kubwa ya kazi ni ubao. Kwanza televisheni ya ndani itolewe na fundi anayejua kuondoa umeme unaobaki kwenye tyubu hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ng'oa ukingo wa plastiki, laza kabati, ziba mashimo kwa fila (lipu ya mbao), kisha msasa namba 220, praima, msasa tena na rangi ya msingi. Ukipitisha ukucha na bado ukahisi mishipa ya plaiwudi, rudia, maana wino utaruka mabonde yote. Rangi ya mafuta ipe wiki nzima. Ikiwa bado laini, tina (kiyeyusho) ya kwenye wino itaikunja.

Fremu izidi mchoro kwa sentimita 15 kila upande, na wavu uwe wa nyuzi 43 hadi 61 kwa sentimita. Emalsheni, utando unaoziba matundu ya wavu pasipo na mchoro, iwe inayostahimili tina. Kama michoro ya mbavu mbili inatazamana, filamu (karatasi angavu yenye mchoro, inayotumika kuuhamishia kwenye wavu) ya upande wa pili igeuzwe.

Linalosahaulika ni ukingo. Skwiji, ubapa wa mpira unaosukuma wino, ikifika mwisho wa ubao hudumbukia, na wavu unaweza kupasuka. Zungushia kabati mbao zilizo sawa kabisa na uso wake, kisha inua fremu milimita 3 au 4 kwa vipande vya kadibodi.

Anza na rangi nyepesi, nyeusi iwe ya mwisho. Kila rangi iingie milimita 1 chini ya nyeusi, kwani wavu mpana hutanuka ukiukandamiza na mipaka haikutani sawasawa. Jaribu kwanza juu ya nailoni angavu uliyoibandika ubavuni. Rangi ikikaa mahali pake, ondoa nailoni. Tandaza wino bila kukandamiza, kisha vuta mara moja tu, mwenzako akishikilia fremu. Usitue katikati ukapiga soga: wino hukauka kwenye matundu, na mchoro unaofuata hutoka na mapengo.

Ukingo ukitoka na kasoro ndogo, usiuguse kwa brashi. Alama ya brashi huonekana kuliko kasoro yenyewe.