Ya bomba au ya chumvi? Siku moja na guta langu la maji

Saa 9 usiku, Dar es Salaam, Novemba 2022. Simu ya mama mwenye bomba kule Mabibo: "Yametoka, wahi!" Ratiba ya mgao inasema Jumanne, leo Alhamisi. Napakia madumu 20 matupu, yanagongana njia nzima hadi mbwa wa mtaa wanajua nimetoka.

Saa 10. Foleni. Maji ya mwanzo ni ya kahawia, tunayamwaga huku roho inauma. Mzee mmoja analalamika kwamba tunabaniwa. Kijana mwenye simu anamsomea: mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa kawaida inazalisha lita milioni 466 kwa siku, sasa imeshuka hadi kama milioni 300. Mto Ruvu umepungua, vuli haijanyesha huko Morogoro, na huo mto ndio unaonywesha sehemu kubwa ya jiji.

"Na bwawa la Kidunda je?" mzee anauliza. Foleni nzima inacheka. Ahadi ya kulijenga hilo bwawa mtoni Ruvu nimeanza kuisikia nikiwa na kaptula.

Saa 12 asubuhi. Madumu 11 yamejaa, maji yamekata. Tisa yaliyobaki nikajaze wapi? Mtaa wa pili kuna kisima, maji ya chumvi, bei ya kutupa. Ukichanganya nusu kwa nusu, kwa macho hakuna anayejua. Wiki ya kwanza ya mgao nilifanya hivyo. Sijisifu.

Saa 1. Mteja wangu mkubwa, mama ntilie. "Shikamoo mama." "Marahaba. Ya bomba au ya chumvi?" Hasubiri jibu. Anachota kikombe, anasugua kipande cha sabuni. Povu likiumuka, ananunua. Likikatika vipande vipande kama maziwa yaliyoganda, naondoka. Ndivyo alivyonikamata ile wiki. Maharage yake yalitokota hadi adhuhuri, gunia la mkaa likapungua, maharage bado kokoto. Dumu alinirudishia mbele za watu. Tangu siku hiyo kila asubuhi napimwa kama mwizi, na haki yake.

Leo povu limeumuka. Amechukua manne. Dumu ni 700, mwezi wa nane nilikuwa nauza 300. Bei naitaja nikiangalia pembeni.

Saa 4. Ya bomba yameisha. Najaza yale tisa kisimani na kuyauza kwa jina lake: ya chumvi, ya kufulia na chooni, 300. Yanatoka taratibu, ila yanatoka.

Saa 7. Msikitini kuna kisima, majirani wanachota bure, wa kanzu na wa rozari foleni moja. Sina cha kuuza hapo. Natawadha, naswali, nalala kidogo kivulini.

Jioni nimeziba pancha mbili, basi.

Saa 3 usiku. Nyumba yetu ina wapangaji sita na koki moja uani, imekauka siku ya nne. Tumekubaliana ibaki wazi, chini yake beseni la bati, ili yakidondoka tu tusikie. Leo zamu yangu kulala na mlango wazi. Inakohoa hewa. Bado.