Mikungu Miwili ya Mbuyuni

Kepteni alikuwa na msimamo wake kuhusu mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama: unaliwa pale pale ulipopikwa. Uweke kwenye hotpoti, uupitishe kilomita 80 za barabara ya Moshi hadi Arusha, na trafiki wa Boma Ng'ombe na wa Usa River, utafika umeganda. Kwa hiyo alipotakiwa kurusha ile Cessna 172 ya zamani ili mkono usipoe, hakuona maana ya kuzunguka juu ya mashamba ya kahawa ya Burka na kurudi. Alisema twende Moshi tukale.

Wakati huo nilikuwa karani wa mizigo pale Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha. Nilipima mabegi ya watalii wanaokwenda Serengeti, kilo 15 kwa kila abiria, na mwenye sanduku la kilo 28 nilimwambia nusu yake inabaki Arusha. Wengine walinuna, wengine waliita mabosi. Mimi niliipenda kazi ile na sikuwahi kuona haya kumkatalia mtu, kwa sababu nilijua kilo zile zinaishia wapi.

Tulikuwa watatu: Kepteni, fundi wa ndege na mimi. Watu huona viti vinne wakadhani ndege inabeba watu wanne na chochote watakachoshika mkononi. Sivyo. Ndege ile mwisho wake wakati wa kupaa ni kilo 1,043, na humo yumo kila kitu: bati lenyewe, injini, mafuta, watu, hata chupa ya maji. Ukijaza matangi, kiti cha nne kinabaki cha kuwekea koti. Na mafuta tulibeba ya kwenda na kurudi pamoja na akiba, kwa sababu Kepteni hakutaka kutegemea kuyapata Moshi. Alitupandisha wote kwenye mizani yangu ya mabegi, akaandika. Fundi alikuwa mtu wa mwili, na Kepteni aliandika uzito wake kama ulivyo.

Ilikuwa Julai, na Julai Arusha asubuhi mawingu yanalala chini. Tukasubiri. Fundi akakinga mafuta kidogo kutoka chini ya kila bawa kwenye kikombe cha plastiki, akakiinua kwenye mwanga kuangalia kama kuna maji. Mafuta ya ndege hizi yana rangi ya buluu. Maji yakiwemo yanajitenga chini. Yalikuwa safi. Kwenye saa nne mawingu yakapanda, tukapaa.

Ziwa Duluti lilipita chini yetu, duara la kijani lililozungukwa na miti. Tulipokaribia KIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Kilimanjaro, mnara ukatuambia tusubiri upande wa kusini, kuna ndege kubwa inatua. Tukazunguka. Ndipo nikauona ukuta wa Mirerani, ule wa kilomita 24.5 uliokamilika 2018 kuzunguka migodi ya tanzanaiti. Nilikuwa nimeusikia redioni tu. Toka juu unaonekana mstari mmoja unaopita porini bila kujali korongo wala kilima. Kisha tukaruhusiwa, yakaja mashamba ya miwa ya TPC, na kushoto Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi kabisa. Kuanzia pale hatukuzungumza hadi magurudumu yalipogusa chini.

Kiwanja cha Moshi ni cha zamani kuliko KIA iliyofunguliwa 1971, na siku ile kilikuwa kimya. Tukachukua bajaji hadi Mbuyuni.

Mama aliyekuwa akitupikia alikuwa anafahamiana na Kepteni miaka mingi. Alikuwa anamenya ndizi za mshare, vidole vyeusi kwa utomvu ingawa alikuwa amevipaka mafuta. Nyama ya mifupa ilikuwa motoni tangu alfajiri. Ndizi zikaingia kwenye supu ile ile, zikaiva, akaziponda kwa mwiko akiegemeza sufuria kwenye goti, bila haraka, mpaka mtori ukawa mzito lakini bado unamiminika. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanausaga ukawa uji wa mtoto. Wa mama yule ulikuwa na punje za ndizi unazozihisi ulimini, na mfupa wenye uboho ukichungulia katikati ya bakuli. Pilipili mbuzi na limau pembeni. Nilikula nikatoka jasho, nikaongezewa.

Akaleta mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Kepteni akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Mangi, hata kidogo?"

"Narusha ndege, mama. Nitarudi kwa basi siku nyingine, ndiyo nitakunywa."

Shida ilikuja wakati wa kuaga. Mama alikuwa ameandaa mikungu miwili ya mshare kutoka kihambani, shamba lake la nyumbani kule Kibosho, ya kwetu. Tukaipima kwenye mizani ya muuza nyama jirani: kilo 31 na kilo 27. Sehemu ya mizigo ya ndege ile inabeba kilo 54 tu, na kwa hesabu yote ya asubuhi tulibakiwa na nafasi ndogo kuliko hata mkungu mmoja. Halafu jua lilikuwa kali. Kwenye joto hewa inakuwa nyepesi, injini na mabawa vinafanya kazi kama vile kiwanja kile, kilicho mita 850 juu ya usawa wa bahari, kiko kwenye mita 1,500, na Kisongo iko juu zaidi ya Moshi kwa mita 500 na ushee.

Kepteni, anayebishana na mawingu, alishindwa kufungua mdomo. Kumrudishia mama ndizi za kihamba chake si jambo dogo. Nikaona hii ni kazi yangu.

"Mama," nikamwambia, "hizi hatuziachi. Lakini tukipanda nazo tutakuwa tumeomba kuanguka."

Akanitazama, akamtazama fundi tumbo hadi miguu, akaelewa. Hakununa. Alichukua kisu akakata chane moja, ile ya juu yenye ndizi nene, akanipa mkononi. "Hii ipande ndege. Zingine zitakuja kwa gari." Akamwita kijana wa mkokoteni aipeleke mikungu stendi, kwenye kosta ya Arusha, na namba yangu ya simu ikaandikwa kwa kalamu nene kwenye bua.

Tukakaa kivulini mpaka jua lilipopungua makali, kisha tukapaa vizuri, bila ndege kulalamika.

Jioni konda akanipigia, nikaenda stendi kuikomboa. Nilikuwa bado nafunga mikungu kwenye bodaboda mama alipopiga.

"Zimefika?"

"Zimefika zote, mama. Asante sana."

"Basi pikeni kesho. Mshare ikishaiva haina mtori."